Mwandiko wa Sekela

Kila ninapofungua rimu mpya ya karatasi hujizuia kuinusa, na mara nyingi hushindwa. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za fotokopi hapa Soweto, Mbeya, kwa hiyo jambo hili hunipata mara tatu au nne kwa wiki. Karatasi mpya ina harufu ya ubao ulioloa ukakauka, na nyuma ya harufu hiyo kuna kitu kikali kidogo, kama dawa. Wateja wangu hawaisikii. Mimi nikiisikia narudi Rujewa, kwenye chumba chenye meza moja na dirisha moja, na kidole changu cha kati kinaanza kuuma pale kinapogusana na kalamu. Kidole hicho bado kina sugu. Niliipata nikiwa na miaka kumi, na sikuipata kwa kuandika kazi zangu mwenyewe.

Nimejaribu kueleza jambo hili mara kadhaa, na kila mara nimejikuta nikijipendelea. Safari hii nitakwenda kwa mpangilio: kwanza nyumba yetu, kisha mdogo wangu Sekela, kisha nilichofanya.

Baba alikuwa Mnyakyusa aliyefanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, akiwa amebeba kifurushi cha vipande vilivyokatwa pembeni, ambavyo wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua. Vilikuwa virefu na vyembamba, vingine vyeupe, vingine vya rangi ya kahawia. Sisi tulikuwa maskini wa mambo mengi, lakini karatasi hatukuwahi kukosa. Tulifungia chumvi, tuliwashia moto, na mama alishona vile vipana kwa uzi wa gunia vikawa madaftari.

Mama alikuwa Mhehe wa vijijini Iringa. Rujewa hatukuwa na ndugu. Tulikuja kwa ajili ya shamba la mpunga alilokodi baba, na mwaka ambao maji ya mfereji hayakutufikia, shamba liliachwa, sisi tukabaki. Ndipo mama akapata kazi kwenye mashine ya kukoboa, kazi ya kuchambua mchele.

Naomba nieleze kazi hiyo, kwa sababu bila kuielewa hutaelewa yaliyofuata. Nje ya banda la mashine lilitandikwa turubai. Wanawake saba au wanane walikaa juu yake, miguu wameinyoosha, kila mmoja na ungo mapajani. Mchele uliwekwa upande mmoja wa ungo. Mchambuaji aliuvuta kiganja kimoja hadi upande ulio wazi, akautawanya, akatoa kijiwe, chuya, na punje iliyoungua, kisha akausukuma pembeni na kuvuta kiganja kingine. Alifanya hivyo siku nzima, huku vumbi la pumba likimtulia kwenye nyusi mpaka jioni akaonekana mzee. Mama alikuwa na sifa moja pale mashineni. Mwenye mali akifungua gunia, mama alichota kidogo, akasugua kwa dole gumba, akasema, "Huu umechanganywa." Mchele wa mashamba mawili ukiwekwa gunia moja, mama alijua. Wafanyabiashara walimwogopa, na wengine walimpitia mbali.

Sasa Sekela. Alikuwa na miaka minane, darasa la tatu, mimi nikiwa la tano. Ukimtuma maji, alifika bombani akasahau kilichompeleka, akakaa kutazama mchwa mpaka giza linakaribia. Ukimwita hakugeuka. Ukimgusa bega aligeuka na kukusikiliza vizuri kabisa, kisha katikati ya maneno yako macho yake yakaondoka. Aliingilia mazungumzo ya wakubwa. Alisema vitu vya kweli mahali pasipotakiwa. Mgeni mmoja wa kanisani alikuja kutuombea, na baada ya amina Sekela akamwambia, "Umerudia 'ee Bwana' mara thelathini na mbili." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amehesabu.

Kubwa kuliko yote, hakusalimia. Kwetu mtoto akikutana na mtu mzima husimama, hupiga goti kidogo, husema "kamwene" au "shikamoo", na husubiri mkubwa amalize kuuliza habari za nyumbani, za mama, za baba, za mifugo hata kama hamna mifugo. Sekela alipita. Watu walisimama njiani wakisubiri salamu yake, naye alishapita, akitazama mguu wa ng'ombe au kivuli cha waya wa umeme. Mama aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyepiga goti na kusalimia mara mbili, yake na ya mtoto. Nakumbuka magoti ya mama siku za Jumapili tukitoka kanisani. Alipiga goti mara nyingi sana.

Watoto wenzake walimwita Redio Mbovu. Walimzunguka uwanjani wakipiga makofi, "Redio mbovu! Redio mbovu! Badili stesheni!" na mmoja alimzungusha sikio kama kitufe. Sekela hakulia. Aliwaambia redio haizungushwi hivyo, kitufe cha stesheni kiko upande wa kulia, akawageuzia sikio la kulia. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilisimama mbali, na naomba iandikwe kwamba nilicheka pia.

Mwanzo wa mwaka ule mama aliniambia, "Amba, mimi siwezi kuwa mashineni na shuleni. Kule wewe ndiye mkubwa wake. Mwangalie."

Nilikuwa mtoto wa kushika maagizo. Niliyachukua maneno hayo kama kazi yenye mwanzo na mwisho, nikaanza kwa ukaguzi. Nilifungua daftari la Sekela. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na tarehe na nusu ya sentensi. Wa pili ulikuwa na tarehe. Wa tatu ulikuwa na pundamilia aliyechorwa mistari yote bila kukosea, na wa nne ulikuwa na kwato zake peke yake, kubwa. Hesabu zilianzishwa sita, hakuna iliyomalizika.

Niliogopa. Niliona mbele yetu fimbo, na aibu, na mama akiitwa shuleni. Nikabuni utaratibu. Jirani yetu Neema alikuwa darasa moja na Sekela. Jioni niliazima daftari lake, na mama akiwa bado mashineni, nilinakili kazi zote kwenye daftari jipya la karatasi za baba, nikiandika jina la Sekela juu. Niliandika kwa uangalifu mkubwa. Hesabu nilizifanya mwenyewe, na ili zionekane za mtoto wa darasa la tatu niliweka makosa mawili kila ukurasa, wala si zaidi. Madaftari halisi ya Sekela niliyaficha chini ya kifurushi cha karatasi, pamoja na yule pundamilia. Sekela alikaa mezani akinitazama. Mara moja tu alisema, "Umekosea kwa makusudi," nikamwambia anyamaze, akanyamaza.

Asubuhi mwalimu alikusanya madaftari, na la Sekela lilikuwa limejaa na safi. Nilidhani shida imekwisha.

Viboko viliongezeka. Sikuelewa. Mwanzoni Sekela alichapwa kama watoto wote, kwa kuchelewa au kelele. Kufikia katikati ya muhula alichapwa karibu kila siku, na alirudi nyumbani na alama kwenye viganja ambazo mama alizikanda kwa maji ya moto. Suluhisho langu lilikuwa kuongeza bidii. Nilianza kupiga mistari ya pembeni kwa rula.

Mama aliomba ruhusa mashineni akaenda shuleni. Kuchambua ni kazi ya kiganja kwa kiganja, na siku usiyochambua hakuna atakayekuchambulia, kwa hiyo kila ruhusa ilikuwa siku kamili iliyopotea. Mara ya kwanza alikaa kwenye benchi la nje ya ofisi mpaka saa nane, akaambiwa mwalimu mkuu yuko kwenye kikao, aje Ijumaa. Ijumaa alikuja, akaambiwa mwalimu wa darasa hayupo, na bila yeye hakuna la kuzungumza. Alikaa kidogo kabla ya kuondoka. Nilimwona kupitia dirisha la darasa la tano. Alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri na ameshika kiatu kimoja mkononi, akikung'uta kokoto. Alikung'uta muda mrefu kuliko kokoto ilivyohitaji.

Mara ya tatu tuliitwa sote. Ofisini alikuwapo mwalimu mkuu, mtu wa makamo mwenye mafua yasiyoisha, na Mwalimu Nyagawa, mwanamke wa Kibena aliyefundisha darasa la tatu. Mama alikaa ukingoni mwa kiti. Mimi na Sekela tulisimama.

"Mama Amba, umesema mtoto ana shida," mwalimu mkuu alianza.

"Ndiyo, mwalimu. Akili yake haikai. Sio kiburi, ni hivyo alivyo toka mdogo. Nikimwita hasikii, nikimgusa anasikia. Naomba akae mbele, karibu na ukuta, asione dirisha. Naomba mwalimu amguse kwanza, ndio amwambie. Na fimbo, mwalimu, naomba ipumzike kidogo."

"Ipumzike?" Mwalimu mkuu alicheka akapenga kamasi. "Kila mzazi akiomba fimbo ipumzike, hapa si tutafuga mbuzi?"

"Leso yako imejaa," Sekela akamwambia.

Mwalimu Nyagawa alifumba macho kidogo, kisha akazungumza na mama moja kwa moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Dada yangu, angekuwa hajui, ningemwelewa. Ninao wengi wasiojua, nakaa nao. Huyu anajua! Darasani hashiki kalamu. Anahesabu mabati. Nikiwa katikati ya somo anainuka kwenda kufunga mlango. Nikimwuliza swali ananiambia pindo la sketi yangu limefumuka. Halafu asubuhi ananiletea hili." Akaweka daftari mezani. "Limejaa. Safi. Rula imepigwa. Mtoto anayeandika hivi nyumbani, na kwangu hataki kuandika hata tarehe, utasema ana ugonjwa gani? Hiyo ni dharau. Mimi namchapa kwa hiyo dharau yake."

Nilisimama pale na kusikia maneno hayo yote. Nilikuwa mzuri wa hesabu, na hesabu hii haikunichukua muda. Kila ukurasa niliouandika vizuri ulikuwa umempa Sekela viboko. Nilijua pia kwamba kinywa changu kingeweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Sentensi hiyo niliipanga kichwani, ikiwa na kiima na kiarifu. Haikutoka.

Mama alilivuta daftari. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na kusoma kwake kulikuwa kwa taratibu, midomo ikicheza. Lakini hakusoma. Alifungua ukurasa, akapitisha dole gumba juu ya maandishi, akafungua mwingine. Alikaa kwenye ukurasa mmoja muda mrefu. Nje watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba.

"Hili ndilo daftari lake la siku zote?" aliuliza.

"Ndilo," Mwalimu Nyagawa akajibu.

Mama akalifunga. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Nimeelewa, mwalimu."

"Sasa unaona mwenyewe," mwalimu mkuu akasema.

"Naona."

Hakuomba tena. Hakutaja ukuta wala dirisha. Mwalimu mkuu alisema Sekela akae nyumbani wiki mbili afundishwe adabu, akirudi aombe radhi mbele ya mstari wa asubuhi, na lolote likitokea tena atamwandikia barua, watafute shule nyingine. Shule nyingine ilikuwa mbali kwa miguu ya mtoto asiyekumbuka anakokwenda. Mama alisema asante. Nilimwona mama yangu ameshindwa, na nilijua aliyemshinda ni mwandiko wangu. Nilidhani umemshawishi hata yeye.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya mfereji. Mama alikuwa amelishika lile daftari, akanipa. "Shika," alisema, na hilo ndilo neno pekee aliloniambia njia nzima. Tulikutana na mzee mmoja Msangu akipeleka ng'ombe wake majini. Sekela akapita. Mama akapiga goti, "Kamwene, baba," akajibu habari zote mpaka za mifugo tusiyokuwa nayo.

Kwa wiki mbili Sekela alikwenda mashineni na mama. Mwanzoni alizurura kwenye lundo la pumba, akaingia banda la mashine mara mbili, na wanawake wakalalamika. "Mama Amba, huyu ataliwa na mkanda, mfunge hata kamba." Siku ya tatu mama alimkalisha ubavuni kwake, mgongo kwa barabara, akampa ungo. Akamvutia kiganja kimoja cha mchele.

"Usitazame gunia. Tazama hiki tu. Ukimaliza niambie."

Sekela alitazama. Akatoa kijiwe, akatoa chuya mbili. Akasema, "Nimemaliza." Mama akamvutia kingine. Walifanya hivyo mpaka mashine ilipozimwa kwa chakula cha mchana, na Sekela hakuinuka hata mara moja. Bibi mmoja Mnyakyusa alichota mchele wake akaupima kwa macho, akasema, "Ndaga fijo, mwanangu, asante sana. Una macho ya kuku, wewe." Ilikuwa sifa. Sekela aliifanyia kazi usiku kucha, akitaka kujua kuku anaonaje.

Jioni zile mama alifanya jambo jingine. Alichukua vile vipande vyembamba vya karatasi ya baba, ambavyo havikufaa kwa daftari, akakata kila kimoja kiasi cha kuingia mstari mmoja au hesabu moja. Alimwekea Sekela kipande kimoja mezani, vingine akavikalia. Sekela alipomaliza kimoja alipewa kingine. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, herufi zilianguka kama watu kwenye matope, lakini kila kipande kilikuwa na mwisho wake. Mama alivitunga kwa sindano ya magunia. Jioni moja nilitaka kumsaidia Sekela kunyoosha herufi, mama akaniambia niende nikachote maji. Juma lilelile nilikwenda kuazima daftari la Neema, naye akaniambia mama yake amemkataza kuazimisha. Nilidhani ni bahati yangu tu. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Mwishoni mwa wiki ya pili, nikiwa shuleni, Mwalimu Nyagawa alipeleka mpunga wake kukobolewa. Walimu nao walilima. Nilisikia habari hiyo jioni kutoka kwa Sekela, na Sekela alieleza aliyoyaona ya maana. "Mchele wa mwalimu ulikuwa na mawe kumi na moja," alisema. "Na umechanganywa. Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akakaa."

"Akakaa wapi?"

"Kwenye turubai. Kumi na moja, Amba, kwenye debe moja!"

Sikupata zaidi ya hapo. Jumatatu Sekela alirudi shuleni, na mstari wa asubuhi ulipita bila yeye kuitwa mbele. Alikuta dawati lake limesogezwa karibu na ukuta. Mwalimu Nyagawa alimgusa bega kabla ya kumwambia kitu. Mezani kwake alikuwa na vipande vya karatasi, akimpa kimoja kimoja, na darasa lile lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, kwa hiyo sijui alipata wapi mikono.

Mimi nilibaki nikisubiri fimbo. Mwandiko ule mpya ulikuwa na uhusiano na ule wa zamani kama wangu ulivyo na wa daktari. Mwalimu yeyote angejua. Siku moja Mwalimu Nyagawa alinisimamisha nje ya darasa. "Ambakisye, una mwandiko mzuri. Utumie kwenye kazi zako." Akaenda zake. Nilikojoa mara tatu kabla ya kipindi kilichofuata. Niliingojea fimbo ile mpaka mwaka ukaisha, na haikuja.

Sitaki kuliremba jambo hili. Mwalimu mkuu hakubadilika. Redio Mbovu aliendelea kuitwa Redio Mbovu. Januari Sekela alipewa mwalimu mwingine, ambaye hakutaka kusikia habari za vipande, na mama akaomba ruhusa tena mashineni, akakaa tena kwenye benchi lile na furushi lake la karatasi zilizotungwa. Alikwenda hivyo Sekela akiwa darasa la nne, la tano, la sita na la saba. Wengine walimsikiliza, wengine hapana. Sekela alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kuendelea. Mimi pia sikuendelea, kwa sababu nyingine, na niliyoyajua baadaye niliyapata kwenye vitabu nilivyonunua vya mtumba. Katika kimojawapo nilisoma habari za watoto ambao akili zao hazikai, na mwandishi alishauri wapewe kazi kidogo kidogo, mbali na dirisha, na waguswe kabla ya kuambiwa. Nilikifunga kitabu kile na sikukifungua tena kwa siku kadhaa.

Leo Sekela anaishi Iringa mjini na anafuma masweta ya shule kwa mashine. Hufuma mstari mmoja, halafu mwingine. Bado hasalimii vizuri, lakini wateja wake wamezoea. Mama anaishi naye. Mwaka jana nilikwenda kuwaona. Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo, jua la asubuhi likiwa usoni mwake, na nilipomwona akivuta kiganja kimoja nikasema bila kupanga.

"Mama, yale madaftari ya Sekela ya darasa la tatu, niliandika mimi."

Hakuinua kichwa. "Ndiyo."

"Ulijua?"

"Amba, mimi nilikuwa natenga mchele wa shamba la huyu na wa jirani yake. Nishindwe kujua mkono wa mwanangu?"

"Ulijua lini?"

"Palepale ofisini. Ile 'g' yako ina mkia kama wa mbwa aliyefukuzwa jikoni."

Mashine ya kufuma ilinyamaza ndani. "Na uliweka makosa mawili kila ukurasa," Sekela akasema. "Mimi nilikuwa nakosa zaidi ya mawili."

Nilimwuliza mama kwa nini hakusema. Neno moja lingemtoa Sekela hatiani siku ileile. Alifikicha ganda la haragwe.

"Nilikwenda kuomba mtoto mmoja asipigwe," alisema. "Ningesema pale, mngepigwa wawili, na wewe ungefukuzwa kwa udanganyifu. Nikaona nirudi nyumbani nikafikiri. Yule mwalimu alipokuja mashineni nikamwonyesha vipande. Akaniuliza, mbona mkono sio ule? Nikamwambia ule ni wa mwanangu mwingine, nilimwambia mimi amwangalie mwenzake, akaangalia hivyo. Kosa ni la aliyemtuma. Kama una fimbo, nipige mimi."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Baadaye akalia kidogo. Alikuwa amemchapa sana."

Alirudi kwenye maharage yake. Miaka yote nilikuwa nimeihesabu safari ile ya kurudi nyumbani kuwa siku mama alipoona aibu kwa ajili ya Sekela. Nilikuwa nimekosea mtoto; aibu ile ilikuwa kwa ajili yangu. Aliponipa daftari njiani na kusema "shika", nilidhani mikono yake imechoka. Nililiweka kifuani, nikalishika kwa mikono miwili lisikunjike, kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri. Na mama alitembea nyuma yangu njia nzima, akitazama jinsi nilivyolibeba.